MADOA YA CHUMA NA SHABA KATIKA PISINI

Katika somo la mara hii sisi wa mwaka wa tano, upande wa kemia, tunataka kuwaeleza jambo tulilojifunza nje ya darasa, kando ya pisini ya nyumba moja hapa Lubumbashi. Tunajua wengine watacheka: "Pisini inatuhusu nini? Sisi tunaoga kwa ndoo." Ni kweli, hata sisi wenyewe tunaoga kwa ndoo. Lakini doa la kwenye karo za pisini ni ndugu ya doa la kwenye shati lako jeupe, na ukifahamu moja utafahamu lingine. Tena ndani ya mambo hayo kulikuwa mshahara wa mtu.

Habari ni hii. Baba wa mwenzetu mmoja ni zamu katika nyumba ya zamani yenye pisini. Usiku analinda, asubuhi anatoa majani ndani ya maji, anasugua kuta na kutia klori. Mwenye nyumba anaikodisha kwa arusi na sikukuu. Wakati wa kiangazi ngazi za pisini, ambazo zilikuwa nyeupe, zilianza kugeuka rangi ya udongo. Mwenye nyumba akasema zamu ametia kitu kichafu ndani ya maji, ao amesugua na burosi ya chuma. Zamu akajibu: "Papa, mimi sikutia kitu. Maji yenyewe iko namna hii." Hakusadikiwa. Mwenye nyumba akashika nusu ya mshahara wake hata siku pisini itakapokuwa nyeupe tena. Basi mwenzetu akakosa pesa ya masomo, akarudishwa nyumbani. Mwalimu wetu wa kemia alipouliza juu ya nini kiti chake ni kitupu, tukamweleza. Akatushangaza. Alisema: "Basi, Jumamosi twende tukaone hayo madoa."

KUANGALIA KWANZA

Mtu akiona doa, mkono wake unakimbilia dawa. Mwalimu alitukataza. Alituambia tukae kando ya maji, tuangalie tu, na kila mmoja aandike anachokiona. Tuliandika karibu saa nzima. Kumbe ndani ya pisini ile hapakuwa na doa la namna moja, bali namna tatu.

La kwanza ndilo lile lililoleta maneno: rangi ya kutu, ya manjano kwenye ukuta na ya kahawia kwenye ngazi, limetandaa kama moshi, bila mpaka. La pili lilikuwa vidoa vidogo vyeusi-vyekundu kwenye sakafu, kila kimoja na mpaka wake wazi. Vingine vilikuwa virefu na vyembamba kama kidole cha mtoto. La tatu lilikuwa rangi ya buluu na kijani kwenye kona moja tu, karibu na fasi ambapo dawa hutiwa.

Sisi watu wa Katanga hatuna haja ya kitabu kusoma rangi hizo. Udongo wetu ni mwekundu kwa sababu ya oksidi ya chuma, na kutu ni ndugu yake. Jiwe la malakiti linalouzwa kwa wageni ni kijani kwa sababu ni karbonati ya shaba, na doa la shaba ndani ya pisini mara nyingi ni mwili uleule, umejishika kwenye ukuta tu. Metali ya tatu inayotia madoa ni manganezi, ile iliyochimbwa Kisenge katika Lualaba. Doa lake ni jeusi ao zambarau-nyeusi. Ukitaka kujua linafanana na nini, vunja buye la torshi la zamani: ule unga mweusi ndani yake una oksidi ya manganezi. (Kiisha unawe mikono, na usilitupe kisimani.)

Lakini rangi inaweza kudanganya. Majani ya mwembe yakilala chini ya maji siku nyingi yanaacha doa la kahawia ambalo ukiliangalia tu utasema ni chuma. Shaba ikizeeka inaweza kuwa nyeusi. Na maji yakiwa ya kijani si lazima yawe na shaba. Mwezi wa Agosti 2016, katika michezo ya Olimpiki ya Rio de Janeiro, pisini ya kurukia iligeuka kijani mbele ya macho ya dunia nzima. Wengine walidhani ni metali. Wakubwa wa michezo walieleza baadaye kwamba peroksidi ya hidrojeni ilitiwa ndani ya maji, ikavunja nguvu ya klori, na mimea midogo ya maji ikapata nafasi ya kuota. Tofauti ni hii: mimea hiyo inafanya maji kuwa mazito na ukuta kuteleza, lakini maji yenye shaba yanaweza kuwa ya kijani na bado ukaona chini kabisa. Na tukiwa kwenye shaba: Wazungu wenye nywele nyeupe wakiogelea sana nywele zao hugeuka kijani kidogo. Watu husema ni klori. Hapana, ni shaba.

KUPIMA DOA

Baada ya macho, majaribio. Tulifanya mawili, na hayakutuomba vyombo vya laboratwari.

Jaribio la kwanza ni la klori. Tulitia klori ya unga kidogo ndani ya soksi ya zamani, tukaishika juu ya doa chini ya maji kwa dakika chache. Doa la majani ao la kitu kilichooza linapauka mbele ya klori, kama vile javeli inavyopausha kitambaa. Doa la ngazi halikupauka. Tena tuliona kama limekaza rangi.

Jaribio la pili ni la vitamini C. Tulinunua kinini nyeupe za miligramu 500 kwenye farmasi, zile zisizo na rangi wala sukari. (Zile za machungwa zinatia rangi yao wenyewe, utajidanganya.) Mwenzetu, mtoto wa zamu, ndiye aliyeingia majini. Akaweka kinini moja juu ya ngazi ya pili, akaishika kwa kidole. Tukahesabu hata dakika mbili. Alipoinua kidole, palikuwa na duara nyeupe juu ya ile kahawia, sawa na ukubwa wa kinini, kama mtu aliyegonga muhuri. Zamu alikuwa amesimama nyuma yetu na ufagio wake. Hakusema kitu, lakini alikwenda kumwita mwenye nyumba.

Juu ya nini vitamini C inafanya hivyo? Kutu ni chuma kilichopoteza elektroni tatu, tunakiandika Fe3+. Namna hiyo haitaki kuyeyuka katika maji ya kawaida, inashika ukuta. Vitamini C, yaani asidi askorbiki, inapenda kutoa elektroni. Chuma kikipokea elektroni moja kinakuwa Fe2+, na Fe2+ inayeyuka, inaachilia ukuta na kuingia majini bila rangi ya kuonekana. Wa mwaka wa nne watazame mlinganyo huu na kuhesabu pande zote mbili:

2 Fe(OH)3 + C6H8O6 + 4 H+ → 2 Fe2+ + C6H6O6 + 6 H2O

Kwenye kona ya buluu vitamini C haikufanya kazi nzuri, ilipunguza kidogo tu. Asidi sitriki, ile iliyo ndani ya ndimu, ilifanya zaidi. Hiyo ni alama ya shaba. Kusudi tuwe na hakika, Mwalimu alikwaruza unga kidogo, akauyeyusha katika asidi, akatia amoniaki, na maji ndani ya kilauri yakageuka buluu nzito, nzuri sana kuangalia. Unga wa ngazi, ukipewa tiosianati ya potasi, uligeuka mwekundu kama damu. Kwa chuma ni hivyo kila siku.

Vile vidoa virefu havikutaka jaribio. Mmoja wetu aliokota kwenye sakafu pini ya nywele, nusu yake imekwisha kuliwa. Ni za bibi arusi na wenzake. Pini moja ikilala wiki mbili ndani ya maji ya klori inaacha picha yake. Lakini kumbukeni: kama kidoa cha kutu kinarudi kila mara fasi ileile kwenye ukuta wa simenti, pengine ni chuma cha ujenzi ndani ya simenti kinachooza. Hapo vitamini haina kazi, mwiteni fundi wa kujenga.

CHUMA KILITOKA WAPI?

Mwenye nyumba alikubali sasa kama ni chuma, lakini bado alitaka kujua nani amekitia. Swali hilo lilikuwa la haki. Zamu alijibu kwa neno moja: "Foraji."

Miezi ile maji ya bomba yalikuwa haba, basi pisini ilikuwa ikijazwa na maji ya kisima cha kuchimba kwa mashine. Mwenye nyumba akakataa. Alichota maji ya foraji ndani ya kilauri, akatuonyesha: "Angalieni, ni safi kama machozi." Na kweli yalikuwa safi. Hapa ndipo watu wengi wanapopotea. Chini ya ardhi hakuna hewa ya kutosha, basi chuma kinakaa katika ile namna ya Fe2+, isiyo na rangi. Ni hewa, na zaidi ya hewa ni klori, inayokigeuza kuwa kutu.

Tukachukua ndoo mbili nyeupe. Moja tukaijaza maji ya foraji, nyingine maji ya bomba yaliyokuwa yamewekwa ndani ya pipa. Kila moja tukaitia kijiko kimoja cha javeli, tukangoja. Baada ya dakika kumi ndoo ya foraji ilikuwa na rangi ya chai hafifu. Nyingine ilibaki ilivyo. (Kama kungekuwa manganezi nyingi, rangi ingeelekea weusi.) Jaribio hili linahitaji ndoo na javeli tu, na kila mtu anayechimba kisima angeweza kulifanya kabla ya kufua nguo nyeupe.

Tukafanya hesabu mbele ya mwenye nyumba, chini kwenye mchanga. Pisini ina urefu wa mita 8, upana wa mita 4, na kina cha mita 1 upande mmoja na 1.5 upande mwingine, tuseme 1.25 kwa katikati. Basi ni mita za ujazo 40, yaani lita 40,000. Tuseme foraji inatoa miligramu 2 tu za chuma kwa lita moja. Kuijaza mara moja kunaleta gramu 80 za chuma. Lakini si hiyo tu. Wakati wa kiangazi maji yanapanda hewani. Kama yanapungua milimita 5 kwa siku, eneo la mita mraba 32 linapoteza lita 160 kila siku, na kwa siku 30 lita 4,800. Zamu anaongeza maji kila asubuhi kama alivyoagizwa. Maji yanakwenda, chuma hakiendi. Kila mwezi gramu 9.6 mpya zinabaki ndani.

Miligramu 2 ni kitu kidogo, mtu atasema. Marekani, idara ya EPA inashauri maji ya nyumbani yasipite miligramu 0.3 za chuma kwa lita, na 0.05 za manganezi. Kwa chuma hesabu hiyo haikuwekwa juu ya sumu, iliwekwa juu ya rangi, ladha na madoa kwenye nguo na vyombo.

Na ile kona ya buluu? Mwenye nyumba alinyamaza kidogo, kiisha akaleta mwenyewe mfuko kutoka depo: sulfati ya shaba, mawe ya buluu ya kuua mimea ya maji. Alikuwa akitupa konzi moja fasi ileile kila mara alipoona ukuta unateleza. Tulifahamu kama hapana haja ya kueleza zaidi. Shaba inaweza kutoka vilevile katika mashine ya kupashia maji yenye mabomba ya shaba, kama maji ni makali kwa asidi. Nyumba hii haikuwa na mashine hiyo.

KUTIBU

Kutibu doa moja ni rahisi, kutibu pisini nzima kunataka uvumilivu. Tunaeleza namna tulivyofanya, pamoja na kosa letu.

Kwanza klori ilipaswa kushuka karibu na sifuri. Klori na vitamini C ni maadui, moja inamaliza nyingine. Ukimwaga vitamini ndani ya maji yenye klori nyingi umetupa pesa. Tuliacha kutia klori, jua likafanya kazi yake, na baada ya siku nne vipimo vilionyesha kama imekwisha. Siku hizo pisini ilifungwa kwa kamba. Maji yasiyo na klori si ya kuogelea, hata yakiwa mazuri kwa macho.

Kiisha tuliteremsha pe-ashi ya maji hata 7.2, maana ilikuwa imepanda karibu na 8. Kwa kawaida pisini inataka kati ya 7.2 na 7.8. Ikiwa juu sana metali zinaanguka na kushika ukuta, ikiwa chini sana maji yanakula mabomba na simenti. Kwa sababu hii hatushauri mtu kutia asidi kwa kukisia tu.

Kisha vitamini. Kipimo cha kuanzia ni kama gramu 6 kwa kila mita ya ujazo, basi kwa 40 ni gramu 240. Kwa kinini za miligramu 500 ingekuwa kinini 480, na farmasi wangetushangaa. Asidi askorbiki inauzwa pia kama unga, mwenye nyumba akanunua kilo moja. Mwalimu aliutembeza kandokando ya pisini kama mtu anayelisha kuku, zaidi juu ya ngazi, pompi ikizungusha maji. Baada ya nusu saa ngazi ya kwanza ilionekana. Kabla ya jua kuzama zote zilikuwa nyeupe. Tulipiga kelele, na hata zamu alicheka.

Hapo ndipo kosa. Mwalimu alisema wazi: chuma hakikutoka, kimehama tu. Kilikuwa kwenye ukuta, sasa kiko majini, na kinangoja. Akaagiza pisini ikae bila klori siku chache, itiwe dawa ya kufunga metali (dawa hiyo inakumbatia chuma ndani ya maji kusudi kisishike ukuta), na klori irudishwe kidogokidogo. Lakini dawa hiyo haikupatikana upesi, na sisi hatukufuatilia. Siku ya tatu kulikuwa arusi. Mwenye nyumba aliogopa wageni, akatupa klori nyingi mara moja, usiku. Asubuhi maji yalikuwa rangi ya chai, na jioni ngazi zilikuwa tena na kivuli cha manjano. Zamu alipeleka mtoto wake kutuita kabla hata ya kumwamsha mwenye nyumba. Alikuwa na haki ya kuogopa.

Mara ya pili tulianza na maji yenyewe. Kwa kuwa chuma kilikuwa kimegeuka kutu ndani ya maji, chujio la mchanga lilikamata sehemu yake, na zamu alilisafisha kwa kurudisha maji nyuma mara nyingi hata maji ya kutoka yakawa meupe. Kiisha nusu ya maji ilitolewa na kubadilishwa. Ukibadilisha nusu kwa maji yasiyo na chuma, chuma kinabaki nusu. Ukirudia, kinabaki robo. Lakini maji safi yatoke wapi? Kwa foraji tulifundishwa na zamu namna ya mapipa: maji yanaanguka kutoka juu kupitia bati lenye matundu kusudi yapate hewa, yanalala usiku kucha, kutu inashuka chini, na asubuhi yanachotwa ya juu tu na kupitishwa kwenye mchanga. Alikuwa akiyafanya hayo kwake, kwa maji ya kufulia. Hakuna aliyekuwa amemuuliza. Mvua ilipoanza tulipata msaada mwingine: mvua ya milimita 20 juu ya paa la mita mraba 100 inaleta lita 2,000, nayo haina chuma, isipokuwa kama manjanja zenyewe zimekwisha kuoza.

Ndipo tulipotia gramu 240 nyingine za vitamini, kiisha dawa ya kufunga metali, na klori ikarudi polepole katika siku sita. Mwishoni tulirudisha bikarbonati ya soda, maana vitamini C ni asidi na inakula akiba ya maji. Kwenye kona ya shaba tulitoa maji kidogo, tukasugua kwa burosi ya plastiki na asidi sitriki. Kivuli kidogo cha kijani kimebaki hata leo. Hatutaki kuwadanganya kama kila doa linatoka.

MAMBO YA HATARI

Usichanganye kamwe klori na asidi, hata ndani ya ndoo moja iliyooshwa vibaya. Inatoka gesi ya klori, ileile iliyofunguliwa juu ya askari karibu na Ypres, Ubelgiji, tarehe 22 Aprili 1915. Usichanganye namna mbili za klori, zinaweza kulipuka. Asidi inatiwa ndani ya maji, si maji ndani ya asidi. Watu wengine hutumia asidi oksaliki kuondoa kutu, na inafaa, lakini ni sumu. Isikae nyumbani penye watoto, wala ndani ya chupa ya limonadi. Tunasema hivyo maana tuliiona ndani ya chupa ya limonadi.

NA SHATI LAKO?

Mama zetu wanajua jambo hili bila mlinganyo. Shati likipata doa la kutu, usilitie javeli: chuma hakipauki, na kilichokuwa bado kimeyeyuka kinageuka kutu na kushika nyuzi. Tia maji ya ndimu na chumvi, liweke juani, kiisha lisuuzwe vizuri. Wasichana wa bweni wanaofua kwa maji ya kisima watatuambia kama tumesema kweli.

Kuhusu mshahara: mwenye nyumba hakuomba radhi, lakini alitoa ile nusu aliyoishika, katika mafungu mawili, na mwenzetu amerudi darasani. Sasa zamu anashika daftari. Kila asubuhi anaandika klori, pe-ashi na idadi ya ndoo zilizoongezwa, na mwenye nyumba anatia sahihi chini ya ukurasa. Zamu ndiye aliyeomba hiyo sahihi.

Maulizo kwa wasomaji. Pisini ya mita 10 kwa 5, yenye kina cha mita 1.4 kwa katikati, inataka gramu ngapi za vitamini C kwa kipimo tulichotaja? Kama maji yake yana miligramu 1.2 za chuma kwa lita, utabadilisha nusu ya maji mara ngapi kusudi ufike kwenye 0.3? Na wa mwaka wa sita: juu ya nini maji ya foraji yanakuwa na rangi upesi zaidi ndani ya ndoo yenye javeli kuliko ndani ya ndoo iliyoachwa wazi tu? Leteni majibu kwa mwalimu wa kemia. Tutayapiga chapa katika namba ijayo, pamoja na majina ya waliokosa kwa uzuri.